Helmeti ya pikipiki ya theluji inayokukaa sawasawa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka theluji ya kwanza ikishika ardhi huku Maine, jimbo la Marekani, simu yangu huanza kulia. Mara ni kijana wa Kikongo kutoka Lewiston, wenzake kazini wamemwalika waende kaskazini, Aroostook, wakapande pikipiki za theluji (snowmobile) mwisho wa wiki. Mara ni mama ambaye mwanawe amealikwa na familia ya rafiki yake wa shule, naye anataka kujua amvalishe nini kichwani. Maswali ni yaleyale, na nimeyajibu kwa ujumbe wa sauti mara nyingi hadi nimeona heri niyaandike yote mahali pamoja. Siuzi helmeti. Nilikulia Tanga, ambako baridi kali ni ile ya kukufanya utafute shuka la pili usiku wa Julai. Ninayoyajua kuhusu jambo hili nimejifunza huku, mengine kwa kuumia.

Kama huna muda wa kusoma yote, soma jibu la kubana na jibu la nywele. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea.

Ninayo helmeti nzuri niliyokuwa nikipandia pikipiki. Haitoshi?

Kwa upande wa kugonga, inatosha kama ni halali na haijawahi kuanguka, maana gamba la nje na povu gumu la ndani hufanya kazi ileile popote. Shida ni baridi. Kukiwa na nyuzi -20 za Selsiasi, nawe unakwenda kilomita 60 kwa saa, ngozi yako inahisi baridi ya karibu nyuzi -36, na katika baridi ya namna hiyo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Helmeti ya pikipiki ya barabarani imetobolewa matundu ili upepo upite, jambo jema kabisa kwa mtu wa bodaboda kwenye jua la mchana. Huku matundu yale yatakuadhibu. Na kioo chake cha mbele ya uso ni cha tabaka moja, kwa hiyo pumzi yako itaganda juu yake kabla hujamaliza maili ya kwanza.

Iliyotengenezwa kwa ajili ya theluji ina kioo cha tabaka mbili kama madirisha ya nyumba za huku, ina kinyago kidogo cha kupeleka pumzi pembeni, na pazia chini ya kidevu la kuzuia upepo. Ziko za aina tatu: iliyofungwa yote, ile ambayo sehemu ya kidevu hufunguka kwenda juu, na ile yenye kidevu kirefu na ukingo uliochomoza mbele kama wa kofia ambayo huvaliwa na miwani mikubwa ya theluji. Hiyo ya tatu wanaipenda wanaoruka matuta na wanaopanda milimani. Anayeanza, anayefuata njia ya theluji iliyosawazishwa, achukue mojawapo ya mbili za kwanza.

Helmeti ya baiskeli au ya kuteleza kwa ski usiifikirie kabisa. Hazikutengenezwa kwa mwendo wa mashine.

Kichwa kinapimwaje?

Chukua futi ya fundi cherehani. Ipitishe juu ya nyusi kwa kiasi cha sentimita 2.5, juu ya masikio, izunguke hadi pale kisogo kilipochomoza zaidi. Pima mara tatu, ushike namba kubwa kuliko zote. Kama huna futi, tumia kamba ya kiatu, kisha uilaze juu ya rula.

Kwa watengenezaji wengi sentimita 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L, 61 hadi 62 ni XL. Lakini kila mtengenezaji ana jedwali lake, na M ya huyu inaweza kuwa L ya yule, kwa hiyo usinunue kwa herufi uliyozoea. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, anza kujaribu ile ndogo.

Jedwali linasema L. Nimevaa L, paji la uso linauma kama limefungwa kamba. Nichukue XL?

Hapana. Swali hili lina hadithi yangu ndani yake.

Futi inakupa mzunguko tu, haikupi umbo. Watu wawili wenye sentimita 59 wanaweza kuwa mmoja ana kichwa cha mviringo kama chungwa, mwingine ana kichwa kirefu kama papai, kutoka paji la uso kwenda kisogoni. Helmeti nazo zina maumbo hayo ndani yake, na nyingi zinazouzwa Marekani ni za kati, umbo la yai. Ukitaka kujua lako, lowesha nywele zilale, au zibane, kisha mtu akusimamie nyuma akupige picha kutoka juu. Utashangaa, watu wengi hawajawahi kuona kichwa chao kutoka huko.

Maumivu nayo yana lugha yake. Paji la uso likiuma na pembeni mwa kichwa kuna nafasi, helmeti ni ya mviringo mno kwako. Zikiuma pande mbili juu ya masikio, na paji la uso liko huru, helmeti ni ndefu mno kwako. Kuongeza saizi hakubadilishi umbo. Maumivu yataisha, lakini pale palipokuwa na nafasi patakuwa na nafasi kubwa zaidi.

Mimi nina papai. Helmeti yangu ya kwanza ilinibana paji la uso, muuzaji akanipa saizi inayofuata, nikasikia raha, nikalipa. Siku ya pili njiani nilikuwa kwenye kilomita 70 kwa saa, nikageuza kichwa kutazama waliokuwa nyuma. Kichwa kiligeuka, helmeti ikabaki. Jicho langu la kushoto likawa linatazama sponji. Mbele yangu kulikuwa na kona, na kando ya kona misonobari. Niliachia gesi, nikasimama kwenye theluji laini nje ya njia, magoti yanatetemeka. Sikuanguka, ila tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mtu aongeze saizi ili apate raha. Badilisha mtengenezaji, tafuta umbo lako, saizi iache palepale.

Basi ibane kiasi gani?

Ibane mahali pote kwa usawa, isiume mahali popote. Kauli hiyo ni rahisi kusema, kwa hiyo nitaeleza inavyopimwa dukani.

Shika mikanda miwili ya kidevuni, ivute nje, uingize kichwa. Kuingia kuwe kwa kazi kidogo. Masikio yatakunjika, yarekebishe kwa kidole. Ikishakaa, ukingo wa juu wa tundu la uso uwe karibu na nyusi, usiwe katikati ya paji. Mashavu yasukumwe juu hadi midomo itoke kidogo mbele kama ya samaki. Tafuna kama una chingamu mdomoni: ukiwa unajiuma mashavu kidogo kwa ndani, uko mahali pazuri. Wengi wetu tunaposikia hivyo tunaivua mara moja na kusema ni ndogo. Usiivue.

Funga mkanda. Vidole viwili viingie kati ya mkanda na kidevu, cha tatu kisiingie. Sasa shika kidevu cha helmeti uzungushe kushoto na kulia, ukiwa umekaza shingo. Ngozi ya mashavu na ya paji la uso inapaswa kufuatana nayo. Helmeti ikizunguka ngozi imetulia, ni kubwa. Halafu inama kidogo, mwambie mwenzako aweke mikono nyuma chini ya ukingo, asukume kwenda juu na mbele kama anataka kukuvua. Ikivuka utosi na kutoka, irudishe rafuni, hata kama ni nzuri namna gani. Jaribio hili moja ningependa kila mtu alifanye mbele ya muuzaji bila aibu.

Kisha kaa nayo kichwani dakika 20, ikiwezekana 30. Tembea humo dukani, tazama makoti. Mimi nilipokuwa nachagua ya pili nilizunguka hadi mfanyakazi mmoja akaniuliza kama nimepotea. Ukiivua, nenda kwenye kioo. Wekundu mwepesi uliosambaa, au alama za sponji mashavuni, si neno. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pitisha kidole: sehemu moja yenye joto, iliyobonyea au inayouma ukiigusa ndiyo itakayokutesa ukifika maili ya 20.

Jua pia kinacholegea na kisicholegea. Sponji za mashavuni na kitambaa cha ndani hulegea kidogo baada ya saa 15 hadi 20 za kuvaa. Povu gumu lililo nyuma yake halilegei. Likibonyea limeshafanya kazi yake ya kunyonya pigo, na hapo helmeti imekwisha. Kwa hiyo ile inayokukumbatia kama mto siku ya kwanza, ifikapo Februari itakuwa inacheza. Na kama kichwa kimekaa vizuri ila mashavu tu ndiyo yanabanwa kupita kiasi au yako huru, uliza sponji za unene mwingine. Watengenezaji wengi wanaziuza peke yake, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na kununua helmeti nyingine.

Nimesuka. Nifumue?

Si lazima. Ila msuko unaamua mengi kuliko watu wanavyodhani, na wauzaji wa huku hawatakwambia kwa sababu hawajawahi kuulizwa.

Majira ya baridi yaliyopita nilimsindikiza dada mmoja wa Goma anayeishi Portland. Alikuwa amesuka rasta, akazikusanya zote kwenye fundo moja kubwa kisogoni. Kila helmeti aliyovaa ilikaa imeinama mbele, ukingo umeshuka hadi kwenye kope, akawa anaona vidole vya viatu vyake tu. Muuzaji akaanza kumletea kubwa zaidi. Nikamwomba dada afungue fundo, rasta azigawe pande mbili zishuke shingoni. Akavaa tena. Helmeti ilikaa sawa, na saizi iliyomfaa ilikuwa ndogo kuliko ile aliyokuja nayo kutoka nyumbani ambayo alikuwa ameazimwa. Alicheka, kisha akasema kichwa chake kilikuwa hakijapumua siku nzima.

Msuko mzuri kuliko yote chini ya helmeti ni twende kilioni: mistari myembamba iliyolala, inayokwenda nyuma, ncha zinashuka shingoni na kuingia ndani ya koti. Rasta ziwe nyembamba, na zifungwe chini kabisa, chini ya ukingo wa helmeti. Dredi vivyo hivyo, zigawe mbili, moja kila upande wa uti wa mgongo, ili helmeti isizilalie kisogoni. Nywele za kushonea zenye unene juu ya utosi huwa na udanganyifu: zinabonyea. Unavaa dukani inabana vizuri, wiki mbili baadaye umefumua, helmeti inazunguka kama sufuria juu ya kijiti. Wigi vua.

Shanga, simbi na pete za nywele toa zote kabla ya kupanda. Kitu kigumu kati ya fuvu na povu kinakusanya pigo mahali pamoja, na kazi nzima ya povu ni kulisambaza.

Ushauri wangu ni kuamua msuko wako wa majira ya baridi kwanza, usuke, ndipo uende kupima. Ukibadili msuko katikati ya msimu, rudia lile jaribio la kusukumwa kutoka nyuma, nyumbani, kabla ya safari. Kofia laini ya satini ya kulinda nywele inaruhusiwa ikiwa nyembamba, lakini satini inateleza, kwa hiyo pima ukiwa umeivaa. Na nywele zisibaki zikining'inia nje. Mashine hii ina mkanda mpana unaozunguka kwa nguvu nyuma yako. Nywele ndefu na ncha za skafu zikae ndani ya koti, zipu imefungwa.

Na sisi tunaovaa hijabu?

Dada zangu wawili huku hupanda kila mwaka na hijabu zao. Wanavaa ile kofia ya ndani ya pamba inayobana kichwa, au balaklava nyembamba inayofunika nywele, masikio na shingo, kisha helmeti. Hakuna pini hata moja, kwa sababu ileile ya shanga. Ushungi mrefu hawauvai chini ya helmeti kwa sababu mikunjo yake hujikusanya juu ya sikio na kuuma, na ukiingia upepo unaweza kufunguka. Mmoja wao alinunua ile inayofunguka kidevu ili aweze kunywa chai na kuzungumza na watu bila kuivua mbele yao. Nimeona ni wazo zuri, nami nimelitoa kwa wengine.

Je, nivae kofia ya sufi ndani yake?

Usivae. Kofia ya sufi ni nene, inabonyea bila mpangilio, na itakulazimisha ununue helmeti kubwa. Joto la kichwani linaletwa na helmeti yenyewe ikikaa vizuri. Ukihitaji zaidi, balaklava nyembamba inatosha. Nenda nayo dukani siku ya kujaribu, muuzaji hatakushangaa.

Kioo changu kinajaa ukungu kila nikisimama. Je, ni kibovu?

Mara nyingi si kioo, ni mkao. Ukungu ni pumzi yako yenye joto na unyevu inayokutana na kioo baridi. Kinyago cha ndani kinakusudiwa kuishika pumzi ile puani na mdomoni, kuipeleka pembeni au chini, isifike machoni. Kikiacha upenyo juu ya pua, pumzi inapanda moja kwa moja.

Upenyo huo una sababu mbili. Ya kwanza ni helmeti kubwa: kila tuta linasogeza helmeti, helmeti inasogeza kinyago. Unaweza kununua kioo cha gharama yoyote, ukungu hautaisha. Ya pili inatuhusu sisi zaidi. Vinyago vingi nilivyojaribu vimekatwa kwa pua nyembamba iliyoinuka. Kwa pua pana kinakaa juu ya ncha, pembeni mbili za juu zinabaki wazi. Tafuta chenye ukingo laini wa mpira au sponji, au chenye waya mwembamba juu unaoweza kuupinda kwa vidole hadi ufuate pua yako. Mimi nilipinda wangu nikiwa mbele ya kioo cha bafuni, nikipuliza na kupinda, kupuliza na kupinda, robo saa nzima. Tangu hapo naona njia.

Dukani kuna joto, kwa hiyo ukungu hautajitokeza wenyewe. Vaa helmeti na kinyago, funga kioo, puliza kwa nguvu. Ukisikia hewa ikigusa kope zako, kuna upenyo. Wakikuruhusu, simama mlangoni nje dakika tano.

Vipo vioo vya umeme, vyenye nyaya nyembamba ndani kama kioo cha nyuma cha gari, vinavyochomekwa kwenye mashine kwa waya. Kwa mtu anayepanda mara nyingi ni fedha iliyotumika vizuri. Hakikisha kwanza kwamba mashine utakayopanda ina tundu la kuchomekea, hasa kama ni ya kukodi. Na mwisho wa siku usiiache helmeti garini au kwenye banda usiku kucha. Unyevu wa pumzi utaganda ndani ya kitambaa, asubuhi utavaa barafu. Ingiza ndani, iweke mbali na hita, kioo kikiwa wazi.

Navaa miwani ya macho.

Nenda nayo. Vaa helmeti kwanza, kisha miwani. Mikono yake ipite kwenye mifereji midogo kati ya sponji na kichwa bila kusukuma masikio. Ile inayofunguka kidevu ndiyo nyepesi zaidi kwenu. Mikono mipana ya plastiki huuma baada ya nusu saa, myembamba na iliyonyooka hukaa vizuri. Kinyago nacho kikague mara mbili, maana kwako ukungu una vioo viwili vya kushambulia.

Mwanangu ana miaka tisa. Nimnunulie kubwa kidogo aikulie?

Mama, baba, nawaomba kwa hili. Viatu tunanunua hivyo, sare ya shule tunanunua hivyo, na ni busara. Helmeti haikuliwi. Helmeti inayocheza kwenye kichwa cha mtoto inaweza kumziba macho au kumtoka akianguka, na hapo ni sawa na kutovaa.

Nunua ya watoto, si ya watu wazima saizi ndogo. Tofauti si mzunguko peke yake, ni uzito. Shingo ya mtoto ni nyembamba, na kila gramu anayoibeba juu inahesabika anapopita matuta. Mtazame akiwa ameivaa: kichwa kikielemea mbele au akikishika kwa mkono, ni nzito mno. Majaribio ni yaleyale, ila mtoto hatakwambia inauma, kwa sababu anaogopa utabadili mawazo asiende. Muulize kwa kumgusa: hapa je, na hapa? Mwache acheze nayo nyumbani akiangalia televisheni kabla hujakata kibandiko cha bei.

Kama gharama inalemea, uliza kwenye klabu za pikipiki za theluji za mji. Familia ambazo watoto wao wamekua huwa na helmeti kabatini na kwa kawaida watakwambia kwa uaminifu kama imewahi kuanguka. Soma pia jibu la mtumba hapo chini.

Nyuma ya helmeti nitafute alama gani?

Marekani tafuta DOT, yaani Idara ya Usafirishaji ya Marekani, na chini yake maandishi FMVSS No. 218 na neno CERTIFIED, pamoja na jina la mtengenezaji. Mjue kwamba DOT ni tamko la mtengenezaji mwenyewe. Serikali hununua baadhi madukani na kuzipima baadaye. Alama ya Ulaya ni ECE, herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha: E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E3 Italia. Toleo la sasa ni 22.06, na helmeti hupimwa kabla ya kuingia sokoni. Walioko Sweden, Norway na Finland hiyo ndiyo mtakayoiona. Snell ni kipimo cha hiari cha taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1957, baada ya mwendesha magari ya mashindano William Snell kufa kwa majeraha ya kichwa mwaka 1956.

Kibandiko cha DOT kinaweza kughushiwa. Bonyeza ndani kwa dole gumba: helmeti halali ina povu gumu lenye unene wa karibu sentimita 2.5, na uzito wake kwa kawaida ni zaidi ya kilo moja. Ikiwa nyepesi kama bakuli la plastiki na ndani kuna sponji laini tu, iache hapo hapo.

Ya mtumba je?

Mimi mwenyewe nimevaa mitumba maisha yangu yote na sioni aibu, ila helmeti ya mtu nisiyemjua sinunui. Povu likishapigwa mara moja limebonyea kwa ndani, na gamba la nje linaweza kuwa zima linang'aa. Hutaliona. Halafu sponji zake zimeshachukua umbo la kichwa cha mwingine. Ya ndugu au rafiki unayemwamini ni jambo jingine: mwulize iliwahi kuanguka ikiwa na kichwa ndani, mwulize ni ya mwaka gani, na uangalie tarehe ya kutengenezwa, ambayo kwa kawaida iko kwenye kibandiko chini ya sponji au kwenye mkanda.

Naweza kununua kwa intaneti?

Ukishajua umbo lako na mtengenezaji anayekufaa, ndiyo. Ukiwa hujui, unacheza bahati nasibu. Wengi wetu tunaishi mbali na maduka haya, naelewa. Basi agiza kwa anayekubali kurudishiwa, uivae sebuleni ile nusu saa, usitoe vibandiko, usipake mafuta nywele siku hiyo.

Zinauzwaje?

Nilizoziona huku, iliyofungwa yote ya kawaida na halali inapatikana kati ya dola 150 na 250. Kioo cha umeme kinaipandisha hadi dola 300 na zaidi. Bei kubwa hununua wepesi, ukimya na kioo, hainunui umbo. Ya dola 180 inayokukaa inakulinda kuliko ya dola 600 inayocheza. Aprili, theluji ikianza kuyeyuka, maduka hupunguza bei sana. Hapo ndipo mimi hununua.

Sheria inasemaje?

Inategemea ulipo. New York na Ontario kila mpandaji avae. Minnesota sheria inawabana walio chini ya miaka 18. Hapa Maine pia ni kwa walio chini ya miaka 18, kwenye njia za umma. Ukivuka mpaka kwenda Kanada kwa njia ya theluji, sheria ya upande wa pili ndiyo inayokuhusu. Kwangu mimi sheria si hoja. Njia hizi hupita katikati ya miti migumu na uzio wa waya, na jua linazama saa kumi jioni.

Nimepanda misimu miwili, imeanza kulegea. Nitupe?

Bado. Vua sponji zote, zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya mtoto, zikauke zenyewe bila hita. Jasho na mafuta ya nywele huzibana zikawa nyembamba, na mara nyingi zikioshwa hurudi. Zisiporudi, nunua sponji mpya za mashavuni. Gamba lifute kwa kitambaa chenye maji. Petroli na dawa za kusafishia usizitie, zinakula povu na gamba.

Ukimaliza, rudia kusukumwa kutoka nyuma. Ikishika, endelea nayo. Isiposhika na sponji ni mpya, au imewahi kupata pigo, au imefika miaka mitano ambayo taasisi ya Snell inapendekeza ibadilishwe, hapo kata mikanda kwa mkasi kabla ya kuiweka kwenye takataka, ili mtu asije akaiokota akampa mtoto.